Ipo, Hunakili, Imenakili: Kisa cha Mlinzi wa Huduma za Chinichini

1.0 Utangulizi

Msomaji wa jarida la taaluma hutarajia kukuta nadharia kwanza, kisha data, kisha mjadala. Naomba radhi kwamba safari hii nitaanza na kisa. Hoja ninayotaka kuitoa ilizaliwa ndani ya kisa hicho, na kosa litakaloelezwa humu ni langu mwenyewe, wala si la mtu mwingine yeyote. Hoja yenyewe ni kwamba kuwapo kwa kitu si ushahidi wa kufanya kazi kwake. Kiswahili kina nyenzo za kutosha za kuzitenganisha hali hizo mbili, iwapo sisi tunaokifundisha tutazikumbuka nyenzo hizo tunapotunga maswali ya kuiuliza mashine.

Kwa faida ya wasomaji ambao kompyuta kwao ni chombo cha kuandikia tu, yafaa nieleze kwanza jambo moja. Mfumo endeshi ndio programu kuu inayozigawia programu nyingine kumbukumbu na muda wa kichakataji. Miongoni mwa programu hizo ziko tunazoziona kiooni, kama ile ninayoandikia makala haya. Na ziko nyingine, nyingi zaidi, ambazo hazina dirisha wala kitufe. Hizi huanza mashine inapowashwa na huendelea mpaka inapozimwa: moja hupokea barua, nyingine hupanga foleni ya kuchapisha, nyingine hurekebisha saa. Nitaziita huduma za chinichini. Kwa kuwa hakuna anayezitazama, imekuwa desturi kuweka programu nyingine ya kuzitazama. Makala haya yanahusu programu hiyo ya pili.

2.0 Kisa chenyewe

Idara yetu ina seva moja inayohifadhi rekodi za sauti za lahaja. Mwanafunzi aliye uwandani hutuma rekodi zake kwa njia ya simu. Faili linapofika huwekwa kwanza katika kabrasha la muda. Kisha huduma moja ya chinichini hulichukua, hulinakili katika diski ya hifadhi iliyo kwenye mashine nyingine, na huliandika katika orodha. Huduma ya pili hulisafisha kabrasha la muda: faili lililokaa humo zaidi ya siku 30 hufutwa. Muda huo hatukuubuni sisi. Ndio unaowekwa na systemd, msimamizi wa huduma anayetumika katika mifumo mingi ya Linux, kwa kabrasha liitwalo /var/tmp.

Nilipokabidhiwa usimamizi wa hifadhi hiyo niliomba awekwe mlinzi. Fundi wetu akaniuliza, "Mwalimu, unataka akuambie nini?" Nikamjibu kwamba nataka kujua kila siku kama huduma zipo. Akaandika programu fupi ambayo kila baada ya dakika 5 ilitazama orodha ya michakato ya mashine. Ikiliona jina la huduma humo, iliandika neno moja: IPO. Kila asubuhi nilipokea muhtasari wa sentensi moja: "Huduma zote zipo." Niliipenda sentensi hiyo. Ilikuwa fupi na sanifu, tena haikunidai chochote.

Tarehe 9 Machi 2022 mawasiliano baina ya seva na mashine yenye diski ya hifadhi yalikatika kwa muda mfupi, kisha yakarudi. Yalikatika bila kuagana. Upande mmoja haukupata habari kwamba mwenzake ameondoka, ukabaki unasubiri jibu la ujumbe uliokwisha kupotea. Huduma yetu ya kunakili haikuwa imewekewa kikomo cha kusubiri, kwa hiyo ikasubiri. Haikufa, haikulalamika, wala haikutumia nguvu za kichakataji. Jina lake liliendelea kuonekana katika orodha ya michakato, na mlinzi wetu aliendelea kuandika IPO.

Wakati huo mwanafunzi wetu wa shahada ya uzamili alikuwa Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, akichunguza namna wasemaji wa Kikae wanavyoeleza tendo lililotimia. Kati ya tarehe 14 Machi na tarehe 29 Aprili alituma mafaili 38. Kila alipotuma alijibiwa na seva: "Faili limepokewa." Mwongozo wa idara, wenye sahihi yangu, ulimwelekeza kwamba akishapata jibu hilo afute faili katika kinasa sauti ili apate nafasi ya rekodi nyingine. Akatii.

Alirudi mwanzoni mwa Juni. Tarehe 6 alikuja ofisini akasema, "Mwalimu, sizioni rekodi zangu katika orodha." Nikamjibu kwa uhakika wa mtu aliyesoma taarifa yake ya asubuhi, "Huduma ipo, mwanangu. Hebu tazama tena." Akatazama tena. Kisha tukamwita fundi, naye baada ya nusu saa akatueleza kwamba huduma ya kunakili ilikuwa imeketi ikisubiri kwa siku 89. Huduma ya kusafisha kwa upande wake haikukosa hata siku moja. Ilikuwa imetimiza wajibu wake barabara, na kila faili lilipotimiza siku 30 ililiondoa.

Katika mafaili 38, 7 yalipatikana kwa sababu mwanafunzi alikuwa ameyanakili katika kompyuta yake ili aanze kuyaandika. Mafaili 31 hayakupatikana. Matatu kati ya hayo yalikuwa mazungumzo na bibi mmoja aliyepita umri wa miaka 80, ambaye mwanafunzi alimwona kuwa msemaji bora kuliko wote aliokutana nao. Bibi huyo alifariki katikati ya Mei. Siku aliyozikwa nami nilipokea ujumbe wangu: Huduma zote zipo.

3.0 Pepo, mbwa na mjuliahali

Mwanaisimu akipatwa na msiba hukimbilia istilahi, nami sikuwa tofauti. Nilitaka kwanza kujua majina ya vitu vilivyoniponza.

Katika Kiingereza cha wanakompyuta huduma ya chinichini huitwa kwa neno lenye maana ya pepo. Asili yake inajulikana. Mwaka 1963 kikundi cha Fernando Corbató katika mradi ulioitwa Project MAC, huko MIT nchini Marekani, kilikuwa kikitumia kompyuta ya IBM 7094. Walilichukua neno hilo kutoka katika fizikia, kwa kiumbe cha kufikirika cha James Clerk Maxwell, ambacho hukaa mlangoni na kuzichambua molekuli bila kuchoka. Corbató mwenyewe alieleza baadaye kwamba anaamini pepo wao wa kwanza alikuwa programu ya kunakili mafaili katika kanda ili yasipotee. Kazi ya pepo huyo ndiyo hasa kazi iliyokuwa imemshinda pepo wetu.

Programu inayoilinda huduma huitwa kwa Kiingereza kwa jina la mbwa wa ulinzi. Tafsiri sisisi ingetupa "mbwa mlinzi", na baadhi ya watu wameitumia. Nina shaka nayo kwa sababu mbili. Kwanza, katika jamii nyingi za mwambao mbwa hakai ndani ya nyumba, ilhali programu hii haina kazi nje ya nyumba. Pili, na hii ndiyo sababu nzito, mbwa hubweka anapomwona mgeni. Kazi ya mbwa ni kutambua jambo lililokuja. Programu yetu haina budi kutambua jambo ambalo halikuja: ishara iliyokosekana, faili lisilofika. Istilahi inayoficha tofauti hiyo humfundisha mtumiaji kusubiri kelele, na mimi nilisubiri kelele kwa siku 89.

Wenzetu wa mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, walionyesha kwamba istilahi za kompyuta zaweza kutafutwa ndani ya lugha yenyewe. Kwa kufuata njia hiyo ninapendekeza tuangalie kitenzi cha kawaida kabisa: kumjulia mtu hali. Katika kauli hii ya kutendea, kujua hakubaki katika kichwa cha anayejua; kunaelekezwa kwa mtu fulani, na kwa kawaida humlazimu anayejua kuinuka na kwenda alipo. Mgonjwa hajuliwi hali kwa kusoma jina lake katika orodha ya wodi. Basi programu hii tuiite mjuliahali, na wingi wake wajuliahali. Iwapo wenzangu wana neno bora nitalipokea kwa furaha, maadamu litabeba dhana hiyo ya kwenda na kuuliza.

4.0 Hujambo, sijambo

Hata hivyo, kwenda na kuuliza pekee hakutoshi. Hapa ndipo taaluma yetu inapohusika zaidi.

Mwaka 1923 Bronislaw Malinowski alieleza kwamba yapo maneno ambayo watu huyasema ili kudumisha uhusiano, wala si kupashana habari. Na mwaka 1960 Roman Jakobson akaiingiza dhima hiyo katika orodha yake ya dhima sita za lugha. Kila mmoja wetu amefundisha mada hii, na kila mmoja ametumia mfano wa salamu. Mtu huulizwa "Hujambo?" naye hujibu "Sijambo", hata kama ana homa. Jibu hilo si uongo. Ni ithibati kwamba mlango uko wazi na mazungumzo yaweza kuendelea. Hali yenyewe huja baadaye, anapoulizwa habari za nyumbani: "Nzuri, ila mtoto hakulala usiku." Msikilizaji mwenye adabu huingojea hiyo "ila".

Wajuliahali wengi wa kompyuta huondoka kabla ya "ila". Wapo wanaotazama tu kama mchakato umo katika orodha, kama alivyofanya wa kwetu. Hao hata hawabishi hodi, hutazama viatu mlangoni na kuhitimisha kwamba mwenyeji yumo ndani. Wapo wanaobisha hodi, yaani hufungua mawasiliano na huduma na kuridhika ikiitika. Wapo pia wanaodai huduma yenyewe itoe ishara kila baada ya muda maalumu. Njia hii ya tatu imo ndani ya systemd. Anayeiweka huduma huandika muda, tuseme sekunde 30. Huduma nayo hutakiwa kutuma ujumbe mfupi wa kuthibitisha uhai kabla muda huo haujaisha, na inashauriwa iutume kila nusu ya muda huo. Ikinyamaza, msimamizi huikatiza na, kama ameagizwa hivyo, huianzisha upya. Juu yake, msimamizi mwenyewe aweza kuwekwa chini ya kipima muda cha maunzi, ambacho huiwasha upya mashine nzima endapo msimamizi naye atanyamaza.

Mpango huo ni mzuri, lakini una mtego ambao fundi alinionyesha. Waandishi wengine wa programu huitenga kazi ya kutuma ishara: sehemu moja ya huduma hufanya kazi, na sehemu nyingine, isiyohusiana na ya kwanza, hutuma ishara kwa kufuata saa. Kazi ikikwama, ishara huendelea. Ni kama nyumba ambayo mtoto mdogo amewekwa mlangoni ajibu "hatujambo" kwa kila apitaye, na huku ndani baba yake hajiwezi. Ishara ya kweli hupaswa kutumwa na mfanyakazi mwenyewe, tena mwishoni mwa mzunguko wa kazi yake, ili kazi ikisimama na salamu isimame.

5.0 Ipo, hunakili, imenakili

Baada ya kuelezwa hayo nilirudi kuzichunguza sentensi zetu, kama ninavyowaagiza wanafunzi wazichunguze za wengine.

"Huduma ipo." Kiambishi -po ni cha mahali. Sentensi hii inasema kwamba huduma inapatikana mahali panapojulikana, basi. Haina kitenzi cha tendo lolote. Nilikuwa nimeisoma kila siku kana kwamba inalo tendo, na tendo hilo nililiongeza mwenyewe.

"Huduma hunakili mafaili." Hii ndiyo iliyokuwa katika mwongozo wa idara. Kiambishi hu- hueleza mazoea, na kama tujuavyo hakipokei kiambishi cha nafsi wala hakifungamani na wakati mahususi. Kwa sababu hiyo sentensi ya hu- yaweza kubaki kweli kwa muda mrefu baada ya tendo kusimama. Mzee aliyeacha kuvua juzi kwa kuumwa bado ni mtu ambaye huvua. Miongozo mingi ya kiufundi imeandikwa kwa hu-, na ni sawa kuiandika hivyo, ila tusidhani kwamba tumeambiwa habari za leo.

"Huduma inanakili." Sentensi hii inakaribia ukweli, lakini -na- hueleza tendo linaloendelea, na tendo linaloendelea laweza kuendelea bila kufika mwisho. Huduma yetu, kwa namna fulani, ilikuwa inanakili kwa siku 89.

"Huduma imenakili." Hapa ndipo palipo na ushahidi. Kiambishi -me- hueleza tendo lililotimia ambalo matokeo yake yapo hadi sasa, na matokeo yaweza kukaguliwa. Ikiwa imenakili, basi kuna nakala. Na kama kuna nakala, yaweza kufunguliwa na kusomwa.

Hata hivyo -me- pekee haitukingi na uzembe wa kuchagua kitenzi. "Faili limepokewa" ilikuwa sentensi ya -me-, tena ya kweli tupu. Faili lilikuwa limepokewa, katika kabrasha la muda. Mwanafunzi aliisoma kama "limehifadhiwa", na mwongozo wangu ndio uliomfundisha kuisoma hivyo. Basi mjuliahali anapaswa kuuliza kwa -me-, na kwa kitenzi cha mwisho katika mnyororo wa kazi, si cha mwanzo.

Mjuliahali tuliyemweka baadaye ameundwa kwa kufuata kanuni hiyo. Kila saa hutunga faili dogo lenye namba mpya, huliweka mlangoni kama ambavyo mwanafunzi angeliweka, kisha hungoja. Baada ya dakika 15 huenda kwenye diski ya hifadhi, hulitafuta faili hilo, hulifungua na kulilinganisha na lile alilolituma. Asipolikuta, au akikuta limeharibika, huianzisha huduma upya.

6.0 Tiba inayoficha maradhi

Nilidhani kazi imekwisha. Wiki ya kwanza muhtasari wa asubuhi ulikuwa safi, lakini fundi alinishauri tuifungue batli, yaani daftari ambamo seva huandika kila tukio kama nahodha aandikavyo safari yake. Tulikuta kwamba ndani ya siku 7 huduma ilikuwa imeanzishwa upya mara 19. Kila mara ilipona, na kila mara nilijulishwa kwamba imepona. Chanzo kilikuwa waya wa mtandao uliopita nyuma ya kabati. Kila kabati lilipofunguliwa waya ulivutika. Mjuliahali alikuwa akiitibu homa na kuwaacha mbu.

Mfano unaojulikana sana wa jambo hili ulitokea mbali zaidi. Chombo cha Mars Pathfinder kilitua kwenye sayari ya Mirihi tarehe 4 Julai 1997. Baada ya siku chache kompyuta yake ilianza kujiwasha upya yenyewe, na kila ilipofanya hivyo kazi zilizosalia za siku hiyo zilisubiri kesho yake. Kumbe kazi yenye kipaumbele cha chini, ya kukusanya data za hali ya hewa, ilikuwa imeshika kufuli ya njia ya habari. Kazi ya kipaumbele cha juu iliihitaji kufuli hiyo. Na kazi za kipaumbele cha kati zikaizuia ile ya chini isimalize na kuiachia. Sehemu ya programu iliyokuwa ikikagua kama kazi ya juu imekamilika kwa wakati ilikuta haijakamilika, ikaamuru mashine iwashwe upya. Ukaguzi huo ulikinusuru chombo lakini haukukiponya. Kilichokiponya ni wahandisi wa JPL, ambao walikuwa na nakala ya chombo hapa duniani na njia ya kufuatilia mwenendo wa programu. Walilirudia tatizo mpaka wakaliona, wakatuma rekebisho linaloiruhusu kazi ya chini kurithi kwa muda kipaumbele cha yule anayeingojea.

Kwa mintarafu hiyo tuliongeza masharti mawili kwa mjuliahali wetu. Kwanza, kila anapoianzisha huduma upya aandike katika batli alikuta nini kabla hajaigusa. Pili, akilazimika kufanya hivyo mara 3 katika siku moja, aache, apige simu. systemd yenyewe ina busara ya namna hiyo: kwa kawaida, huduma iliyoanzishwa mara 5 ndani ya sekunde 10 haianzishwi tena mpaka mtu aingilie kati. Waya ulibadilishwa na kabati likahamishwa.

7.0 Hitimisho

Sijaandika haya ili kuilaumu mashine. Ilijibu swali nililoiuliza, na ilijibu kwa usahihi kila baada ya dakika 5. Swali ndilo lililokuwa bovu, na mtungaji wake alikuwa mwalimu wa isimu ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiwakata wanafunzi alama kwa kuchanganya -po na -me-.

Mwanafunzi aliomaliza tasnifu yake kwa kutumia yale mafaili 7 na daftari lake la mkono. Katika daftari hilo mna sentensi za yule bibi, zimeandikwa kwa penseli, lakini hakuna sauti. Kwa hiyo juu ya mkazo na kiimbo chake hakuandika kitu. Mwaka 2023 alirudi Makunduchi, akawarekodi wazee wengine na binti wa marehemu, ambaye, kama alivyonieleza, hasemi kama mama yake.

Mwongozo wa idara umebadilishwa. Sasa unasema kwamba mtafiti asifute rekodi yoyote mpaka apate ujumbe usemao "Faili limehifadhiwa na limesomeka", na ujumbe huo hautumwi mpaka faili lifunguliwe katika diski ya hifadhi. Muhtasari wangu wa asubuhi nao umebadilika. Leo ulisema: "Faili la majaribio la saa 11 alfajiri limenakiliwa na limesomeka. Huduma haikuanzishwa upya." Niliusoma, kisha nikaenda kufungua faili moja mwenyewe na kulisikiliza.